Je, Kulipa Deni Hurudisha Jina Jema?



Wahenga wetu walisema kwamba dawa ya deni ni kulipa. Methali hiyo ni fupi, na kila aliyepita shule anaijua. Lakini siku hizi limezuka swali jingine ambalo wahenga hawakuulizwa: je, mtu akiisha kulipa, jina lake hurudi kuwa jema kama zamani? Swali hili latuhusu sisi Wakristo, kwa sababu katika nchi nyingi sasa jina la mkopaji huandikwa kwa tarakimu. Mtu hupewa alama, kama mwanafunzi apewavyo alama katika mtihani, na kwa alama hiyo hukopeshwa au hunyimwa, hupangishwa nyumba au hukataliwa.

Twapenda kulichunguza jambo hili hatua kwa hatua. Kwanza tutaeleza jinsi alama hizo zinavyofanya kazi huko Marekani, ambako baadhi ya vijana wetu wamekwenda kusoma na kufanya kazi, nao hukutana nazo mara wanapotafuta nyumba ya kupanga. Kisha tutarudi kwetu Kenya, ambako mambo kama hayo yameingia kwa mlango wa simu. Mwisho tutauliza yatupasa nini sisi tulio katika ushirika wa kanisa.

Alama hupatikanaje?

Mwaka 1956 mabwana wawili wa Marekani, Bill Fair aliyekuwa mhandisi na Earl Isaac aliyekuwa mtaalamu wa hesabu, walianzisha kampuni yao. Nia yao ilikuwa kuonyesha kwamba kwa hesabu yawezekana kukisia ni nani atakayelipa na ni nani atakayeshindwa. Mwaka 1989 kampuni hiyo ilitoa alama ya jumla iitwayo FICO, ambayo wakopeshaji wengi wa Marekani huitumia hata leo. Alama hiyo huanzia 300 na kuishia 850. Habari zake hutoka katika ofisi tatu kubwa zinazokusanya taarifa za wakopaji, nazo ni Equifax, Experian na TransUnion.

Mambo yanayopimwa ni matano. La kwanza, lenye uzito wa asilimia 35, ni kama mtu amekuwa akilipa kwa wakati. La pili, lenye asilimia 30, ni kiasi anachodaiwa. La tatu, asilimia 15, ni muda ambao amekuwa na mikopo. La nne, asilimia 10, ni mikopo mipya aliyoomba karibuni. La tano, asilimia 10, ni aina za mikopo aliyo nayo. Mshahara wake haumo katika hesabu hiyo. Wala hawamo watoto wa ndugu yake anaowasomesha, wala mama mgonjwa anayemtunza.

Jambo la pili ndilo linalowahusu zaidi wenye kadi za mkopo. Tuseme mtu amepewa na benki kadi yenye kikomo cha dola 5,000, naye anadaiwa dola 4,000. Ametumia asilimia 80 ya kikomo chake, na mpimaji humwona kuwa amefika ukingoni. Akilipa hata deni likabaki dola 1,000, atakuwa ametumia asilimia 20 tu. Benki nyingi hupeleka taarifa mara moja kila mwezi, na taarifa mpya ikifika, kwa kawaida alama yake hupanda. Katika njia za kupima zilizozoeleka, ule uzito wa mwezi uliopita haukumbukwi tena. Mtu ametua mzigo, naye hupimwa bila mzigo.

Lakini kuchelewa kulipa ni habari nyingine. Malipo yaliyochelewa siku 30 au zaidi yaweza kuonekana katika taarifa za mtu kwa muda wa miaka 7, hata kama deni lenyewe limekwisha kulipwa. Kufilisika mahakamani kwaweza kuonekana kwa miaka 10. Kwa hiyo twaona kwamba hesabu hii hutenga mambo mawili: mzigo na ahadi. Mzigo ukituliwa husahauliwa upesi. Ahadi ikivunjwa hukumbukwa muda mrefu.

Tusisahau pia riba, maana alama si gharama pekee ya deni. Yule anayedaiwa dola 4,000, akitozwa riba ya asilimia 2 kila mwezi, riba ya mwezi wa kwanza ni dola 80. Akilipa dola 100, deni limepungua kwa dola 20 tu. Akiendelea hivyo, bila kununua kitu kingine cho chote kwa kadi hiyo, atalipa karibu miaka 7, na jumla ya malipo yake itapita dola 8,100. Akijikaza na kulipa dola 200 kila mwezi, atamaliza kwa miezi 26 hivi, na jumla itakuwa dola 5,160 au karibu na hapo. Kukopa arusi, kulipa matanga. Lakini matanga ya mwenye kulipa kidogo kidogo ni marefu zaidi.

Mtihani hupima ulichouliza

Sasa tuyatazame mambo mawili yanayowashangaza watu wengi. La kwanza ni hili. Mtu ana kadi mbili, kila moja ina kikomo cha dola 5,000. Moja haina deni, na ya pili ina deni la dola 2,000. Kwa jumla ametumia asilimia 20. Akaona ni busara kuifunga ile isiyo na deni, ili asishawishike tena. Mara vikomo vyake vimepungua kutoka dola 10,000 hadi dola 5,000, na deni lile lile limekuwa asilimia 40. Alama yake yaweza kushuka! Amefunga mlango wa kishawishi, na hesabu imemwona kuwa amezidi kuelemewa.

La pili ni kwamba mtu ambaye hakukopa kamwe, aliyeishi kwa jasho lake na kununua kwa fedha taslimu maisha yake yote, hana alama nzuri. Hana alama kabisa. Akienda kuomba mkopo wa nyumba, aweza kuonekana mgeni, na kijana mwenye kadi tatu anazozilipa vizuri akatangulizwa mbele yake.

Sisi tuliofundishwa kazi ya ualimu chuoni twaielewa siri ya mambo hayo. Mtihani hupima kile tu ulichouliza. Mtihani wa hesabu hausemi kama mtoto ni mkweli, na mwalimu anayedhani kwamba mtoto aliyepata 90 ni mwema kuliko aliyepata 40 amekosa kazi yake. Alama ya mkopaji nayo huuliza swali moja tu: je, mtu huyu akikopeshwa, yaelekea atachelewa kulipa? Haiulizi kwa nini alichelewa. Haijui tofauti kati ya aliyetapanya fedha katika anasa na aliyelipa kwanza gharama ya kumwuguza mtoto wake. Haijui kama aliyelipa amelipa kwa moyo wa haki au kwa kutaka kukopa zaidi kesho.

Hatusemi kwamba alama hiyo haina faida. Zamani huko Marekani mwenye benki aliweza kumkataa mtu kwa kuitazama sura yake, na wanawake wengi waliambiwa walete sahihi ya mume. Sheria ya mwaka 1974 ilikataza kumbagua mkopaji kwa sababu ya kuwa mwanamke au kwa hali yake ya ndoa, na mwaka 1976 ikakataza pia ubaguzi wa rangi na wa dini. Hesabu isiyouliza rangi ni bora kuliko karani mwenye chuki. Basi tuipe alama heshima yake kama kipimo cha jambo moja. Kosa ni letu sisi tunapoifanya kuwa hukumu juu ya mtu mzima.

Mambo yalivyo kwetu

Hapa Kenya wengi wetu hatuna kadi za mkopo, lakini karibu kila nyumba ina simu. Mwezi wa Novemba mwaka 2012 ilianzishwa huduma ya M-Shwari, na nyingine nyingi zikafuata. Mtu hukopa akiwa kitandani mwake, usiku, bila kumtazama mkopeshaji machoni na bila kuulizwa fedha ni za nini. Akishindwa kulipa, jina lake hupelekwa katika ofisi za taarifa za mikopo, ambazo watu huziita CRB. Hata ile TransUnion ya Marekani tuliyoitaja ina kazi hapa kwetu. Nyingine ni Metropol, ambayo alama zake huanzia 200 na kuishia 900.

Watu walianza kuandikwa kwa madeni madogo sana. Kanuni za mwaka 2020 zikasema kwamba deni lisilofika shilingi 1,000 lisipelekwe kuwa taarifa mbaya ya mtu. Mkopaji anayo haki ya kuarifiwa kabla ya jina lake kupelekwa, na haki ya kupata taarifa yake bila malipo mara moja kwa mwaka. Akiona kosa, aweza kulipinga. Yafaa kila mshiriki azijue haki hizo. Lakini ajue pia kwamba akiisha kulipa, taarifa hubadilika na kuonyesha kuwa deni limelipwa, ila habari kwamba alishindwa kulipa kwa wakati haifutwi siku ile ile. Huendelea kuonekana kwa miaka kadhaa.

Mwezi wa Novemba mwaka 2022 Benki Kuu ya Kenya ilitangaza mpango wa kuwasaidia waliokwama katika mikopo ya simu ya siku 30 au chini yake. Wakopeshaji waliwapunguzia nusu ya deni au zaidi, ili walipe kilichobaki na hali yao irekebishwe. Mpango huo ulikwisha Mei 2023. Wengine waliufurahia. Wengine walinung'unika wakisema, "Mbona sisi tuliojinyima tukalipa yote hatukurudishiwa hata senti?" Manung'uniko hayo si mageni. Ni ya wale wafanya kazi wa shamba la mizabibu waliochukua joto la mchana kutwa, na ya yule ndugu mkubwa aliyesimama nje akakataa kuingia karamuni. Bwana wetu hakumkemea ndugu yule kwamba kazi yake ni bure. Alionyesha tu kwamba kurudi kwa aliyepotea hakumpunguzii kitu yeye aliyebaki nyumbani.

Je, basi tusijali kulipa?

Huenda mtu akasema, "Ikiwa alama haipimi wema wangu, na ikiwa madeni hupunguzwa, basi kwa nini nijisumbue kulipa?" Hasha! Mtu wa namna hiyo amezisahau fedha zenyewe. Fedha alizokopa si za mashine. Katika benki ni akiba za watu. Katika chama cha akiba na mikopo ni karo ya mtoto wa jirani, ni mafungu ya mjane aliyeweka kidogo kidogo, ni pensheni ya mzee. Nyuma ya kila deni yuko jirani, ingawa simu haionyeshi uso wake. Zaburi ya 37 huhesabu kukopa bila kurudisha kuwa tendo la mtu asiye haki. Na Mtume Paulo, katika sura ya 13 ya waraka kwa Warumi, awataka Wakristo walipe kila mtu haki yake, hata libaki deni moja tu lisilokwisha, nalo ni lile la upendo.

Kwa hiyo twajibu hivi: Mkristo hulipa deni kwa sababu ni deni. Alama ikipanda, na ashukuru. Lakini anayelipa kwa ajili ya alama peke yake ana hatari kubwa, maana nafasi aliyoifungua kwa kulipa humwita akope tena. Yule aliyeshusha deni lake kutoka dola 4,000 hadi 1,000 sasa ana dola 3,000 mbele yake, na kadi iko mfukoni. Mashine humwambia kwamba amefanya vema, na papo hapo humwonyesha duka. Wanafunzi wanaosoma kwa ajili ya mtihani tu husahau yote wiki ya pili, na mlipaji wa namna hiyo hufanana nao. Lakini aliyelipa kwa sababu alimwona jirani yake nyuma ya deni, huyo amejifunza jambo ambalo halisahauliki.

Kumbukumbu ya kanisa

Limebaki swali linaloligusa kanisa. Waajiri kadhaa siku hizi huwataka waombaji kazi walete cheti cha CRB. Je, parokia nayo ifanye vivyo hivyo inapochagua mweka hazina, au kikundi cha akina mama kinapopokea mshiriki mpya?

Kuna wanaosema ndiyo, kwa kuwa fedha za Mungu zataka watu safi. Twawaheshimu, kwani wengi wao wamewahi kuona sanduku la sadaka likipungua. Ni kweli pia kwamba mtu anayefukuzwa na wadai kila siku asipewe fedha azishike peke yake. Kumpa ni kumtia majaribuni, na huo si upendo. Lakini dawa ya jambo hilo twaijua tangu zamani: fedha zihesabiwe na watu wawili au watatu, ziandikwe daftarini mbele ya mashahidi, nazo zikaguliwe kila mwaka. Utaratibu huo humlinda mwenye deni na asiye na deni, kwa maana hata mwenye alama 850 aweza kuiba.

Cheti kikiwa kipimo cha pekee, tutakuwa tumewafungia mlango wale wale ambao kanisa lilitumwa kwao. Mtu aliyeandikwa CRB tumwulize kama ndugu, si mbele ya watu wote, maswali matatu. Ulikopa kwa sababu gani? Uliposhindwa, ulimwendea mdai wako ukamweleza, au ulijificha na kubadilisha namba ya simu? Na sasa unalipa, ijapokuwa kidogo? Majibu ya maswali hayo yatatuonyesha habari za mtu huyo ambazo tarakimu haiwezi kuzionyesha. Aliyekwenda kwa mdai wake mikono mitupu na kusema kweli, huyo amelinda jina lake hata kama alama yake ni ya chini. Na aliyekwisha kulipa, tusimhesabie tena.

Torati, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 15, iliamuru kwamba kila mwaka wa saba wadeni waachiliwe. Ofisi za Marekani nazo, kama tulivyoona, huweka habari ya kuchelewa kwa miaka 7. Hatusemi kwamba mambo haya mawili yana asili moja. Lakini yafaa kutafakari kwamba hata sheria za biashara zimekubali kuwa kumbukumbu ya kosa lazima iwe na mwisho. Ingekuwa aibu kama kumbukumbu ya kanisa ingekuwa ndefu kuliko ya benki. Nasi twajua kwamba katika vijiji vyetu mtu aweza kusemwa kwa deni ambalo baba yake alilimaliza kabla yeye hajazaliwa.

Tena kanisa linaweza kufanya jambo moja ambalo hesabu haiwezi kulifanya kamwe, nalo ni kumsimamia mtu. Tusomapo waraka kwa Filemoni twamwona Paulo, mzee na mfungwa, akijitolea kuwa mdhamini wa deni la Onesimo na kuahidi kwa mwandiko wake mwenyewe kwamba atalilipa. Najua wengine watatukumbusha Mithali sura ya 6, inayotuonya tusiwe wepesi kuwadhamini watu. Onyo hilo ni la haki, na hatumwambii mtu ye yote aweke shamba la watoto wake rehani. Lakini Paulo alimjua Onesimo. Alikaa naye, akaona mabadiliko yake. Udhamini wa namna hiyo, unaotoka katika kumjua mtu, ndio ambao mashine hauna, na ndio ambao watu wa benki huutafuta kwa kubahatisha kwa kuwa hawana njia ya kuupata.

Basi turudie swali letu la kwanza. Kulipa deni huondoa mzigo, na katika vitabu vya wakopeshaji huondoa upesi. Doa la ahadi iliyovunjika hukaa zaidi, na mwenye nalo sharti alivumilie huku akilipa kwa wakati mwezi baada ya mwezi, kwani hakuna dawa nyingine. Lakini jina jema halihifadhiwi katika ofisi yo yote ya taarifa. Linahifadhiwa kwa jirani aliyekopesha akalipwa, kwa mdai aliyeambiwa kweli siku ya shida, na kwa Mungu, ambaye kila siku twamwomba atuachilie yetu kama sisi tunavyowaachilia wengine.

Mwenye deni na aanze kulipa mwezi huu, hata kama ni shilingi mia. Mwenye kudai na awe na subira kwa yule anayejitahidi. Na sisi sote tunapomwona ndugu ameinamisha kichwa kwa sababu ya jina lake kuandikwa, tumfanyie nafasi katika kiti chetu siku ya Jumapili. Bwana atusaidie.